Laini ya Kwenda kwa Kukhu

Baba yangu alifika Rombo na koili ya waya begani na kiu ya kumuua mtu. Ndivyo Mama alivyosimulia sikuzote, na Baba hakuwahi kumbishia. Mafundi wa simu walikuwa wakivuta laini kutoka Loitokitok kuelekea mpakani, na yeye, kijana aliyetoka Butere huko magharibi, akatumwa kwenye boma la karibu kuomba maji. Msichana aliyemletea ndiye aliyekuja kunizaa. Maji yalitiwa kwenye kibuyu cha maziwa, yakawa yananuka moshi, naye akayanywa yote na kuomba mengine.

"Hapo nikajua huyu hatanisumbua kwa chakula," Mama alikuwa akisema.

Wazee wa Mama walikubali baada ya maneno mengi, kwa sababu Baba alirudi na kurudi na hakuonyesha dalili ya kuchoka. Kwa Baba mambo yalikuwa tofauti. Alipokwenda Butere kutangaza kwamba amepata mke wa Kimaasai, baba yake alimwambia mbele ya watu kwamba asimlete mwanamke huyo katika boma lile, na kama amemchagua, basi akae naye hukohuko. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na hakuruhusiwa kusema. Baba akaondoka asubuhi ile, akarudi Umaasai, na hakukanyaga Butere tena.

Mimi hayo yote sikuyajua nilipokuwa mdogo. Nilijua tu kwamba Baba alikuwa na lugha nyingine, ambayo ilimtoka alipojigonga kidole kwa nyundo. Nililelewa Rombo na watu wa Mama. Nilichunga ndama kabla ya kuchunga ng'ombe, nikaenda shule nikiwa na vumbi hadi kwenye kope, na wenzangu walinitania kwamba nilizaliwa na waya. Baba alikuwa mtu wa kuja na kwenda. Ndovu walijikuna kwenye nguzo mpaka zikalala, twiga walipita na laini shingoni, na kila mara fundi alitakiwa kutembea kando ya waya mpaka apate ulipokatika. Likizo nyingine alinichukua tutembee pamoja. Alinifundisha kupanda nguzo kwa vyuma vya miguuni, kukwangua waya mpaka ung'ae kabla ya kuunganisha, na kutokuamini fundo lililofungwa na mtu mwenye haraka.

Baadaye alihamishiwa ofisi ya simu ya Kajiado mjini, na sisi tukahamia huko. Nilipomaliza shule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kazi hazikuwepo. Nikaenda kwenye usajili wa jeshi uwanjani Kajiado, nikakimbia, nikahesabiwa meno, nikachukuliwa. Mama alilia. Baba alinipa neno moja tu.

"Wakikuuliza unataka kitengo gani, waambie mawasiliano. Mzigo hautakuwa mwepesi, lakini utajua habari kabla ya wengine."

Nikasema hivyo, wakanipa. Nilijifunza simu ya upepo, simu za mahandakini na kutandaza waya gizani bila taa. Kwa mtu aliyekulia kando ya nguzo, hiyo haikuwa kazi ngeni. Kisha kikosi chetu kikapelekwa kulinda amani Ulaya, katika nchi ya Yugoslavia ya zamani, iliyokuwa ikivunjika vipande na watu wake kupigana nyumba kwa nyumba.

Nilikuwa sijawahi kuona theluji isipokuwa ile ya Kilimanjaro, ambayo kule Rombo unaiangalia kila asubuhi na hutegemei kamwe kuikanyaga. Kule tuliikanyaga mpaka tukaichukia. Waya ulipasuka kwa baridi. Betri zilikufa. Tulizilaza kifuani ndani ya makoti, kama mtu anavyobeba mwanakondoo aliyezaliwa mvuani. Kituo chetu kilikuwa juu ya kilima kidogo, na kambi kubwa ilikuwa bondeni, na katikati kulikuwa na waya niliotandaza mwenyewe pamoja na koplo mmoja, mtu wa Taita, mcheshi sana, aliyelalamikia chakula hata kilipokuwa kizuri.

Asubuhi moja mizinga ilianza. Haikuwa ikitulenga sisi. Pande mbili zilikuwa zikipigana na sisi tulikuwa katikati, jambo ambalo bomu haliwezi kulijua. Antena ya simu ya upepo ilianguka kwa bomu la kwanza tu. Kisha simu ya waya nayo ikanyamaza. Kamanda wa kituo alitaka kujua kama tubaki au tushuke, na hapakuwa na wa kumwambia. Koplo wa Taita alikuwa upande wa pili, bondeni, na simu yake ilikuwa kimya vilevile.

Nikatoka. Sitasema nilikuwa shujaa. Nilitoka kwa sababu waya ulikuwa wangu, na hakuna mwingine aliyejua ulikopita. Niliushika mkononi na kuufuata, nimeinama, nikilala kila mlio uliponipita juu. Nilipita zizi lililochomwa, ng'ombe wakiwa wamekufa ndani, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa. Mbele ya zizi waya ulikuwa umekatwa na bomu na ncha ya pili haikuonekana. Niliitafuta kwa mikono ndani ya theluji, bila glavu, mpaka nikaipata. Nikakwangua, nikaunganisha, nikabandika simu ya kupimia na kuzungusha mkono wake.

"Haloo," sauti ya koplo ikasema. Kisha, kwa hasira, "Ulikuwa wapi wewe?"

"Niko hapa kwa zizi."

"Zizi gani! Rudi juu, waambie washuke wote sasa hivi, barabara ya nyuma iko wazi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena nisikie."

Nikasema tena. Tulishuka wote kwa barabara ya nyuma, tukiwa na majeruhi wawili tu, na wote wawili walipona. Nilipomkuta koplo bondeni hakunisalimia. Alinishika mabega akanitikisa kama mtu anayepukusa maembe, kisha akaenda kukaa peke yake nyuma ya lori.

Huko nyumbani redio ilikuwa imetangaza kwamba vita vimezuka mahali walipo askari wa Kenya, na haikusema zaidi. Haya niliyajua baadaye, kutoka kwa opereta wa Kajiado, mama mmoja mnene mpole aliyefanya kazi na Baba miaka mingi. Baba alikuwa ameshastaafu. Lakini siku iliyofuata ile taarifa alivaa shati lake la kazi, akaja ofisini, akaketi kwenye benchi la wateja. Walipomuuliza anangoja nini, alisema anapumzika. Kesho yake akaja tena. Mama alimletea chai na chapati mchana, akaketi naye kidogo, akarudi nyumbani kufua nguo zilizokwisha kufuliwa. Ikawa hivyo kila siku, mpaka watu wa ofisi wakaacha kuuliza.

Kambini kulikuwa na simu moja ya setilaiti, na mambo yalipotulia tuliruhusiwa kupiga nyumbani kwa zamu. Wengi walipiga kwa majirani au kwa mashirika walikofanya kazi ndugu zao. Mimi niliomba namba ya ofisi ya simu ya Kajiado. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu na kila mtu alikuwa akinihimiza.

"Kajiado," yule mama akasema, kama alivyosema maisha yake yote.

Nikamwambia ni mimi, mtoto wa fulani. Nilisikia kiti kikianguka. Nilisikia akipiga kelele, "Mzee! Mzee, njoo!" halafu nyayo, halafu pumzi ya Baba, ambayo ningeitambua popote.

Baba hakuniuliza habari. Alisema, "Sauti yako inafika vizuri." Akarudia, "Inafika vizuri sana. Hakuna makelele kwa laini."

"Ndiyo, Baba. Mimi ni mzima."

"Umesikia, ni mzima," akamwambia mtu. Mama alikuwa pale na chupa yake ya chai. Nikasikia wakibishana, maana Mama hakuwahi kuipenda simu. Alisema mtu yeyote anaweza kuingia mle na kujifanya mtu mwingine. Hatimaye alichukua, na akaniuliza kwa Kimaa, kwa sauti kali:

"Ng'ombe aliyekupiga teke ukavunjika jino alikuwa wa rangi gani?"

Nikacheka. Sikuwa nimecheka kwa muda. "Yeyo, hakuwa ng'ombe. Alikuwa punda, na ni wewe uliyeniambia nimshike."

Mama akaanza kulia na kumshukuru Mungu kwa sauti ya juu, na ofisi nzima ikaitikia. Askari waliokuwa nyuma yangu walidhani kuna msiba. Nilipowaeleza, wakaniongezea muda.

Nilirudi Kajiado mzima, na mkataba wangu ulipoisha sikuuongeza. Wiki ya kwanza nyumbani nililala tu. Jioni moja, jua likiwa bado halijazama, Baba aliniita tukae nje, na hapo ndipo aliponiambia habari ya Butere, tangu mwanzo.

"Siku zile nilizokaa kwa ile benchi," alisema, "nilikuwa nakungoja wewe. Lakini kuna saa nilikuwa namfikiria mama yangu. Mimi nilingoja wiki chache na nikaona nitapasuka. Yeye je?"

"Yuko hai?"

"Sijui."

"Mbona hukumtafuta, Baba?"

Alifikiri. "Mwanzoni ilikuwa hasira. Halafu hasira iliisha, ikabaki aibu. Halafu nikawa naogopa nitaambiwa alishakufa. Mtu kama hajaambiwa, bado iko nafasi."

Mama, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, alisema, "Mimi nimemwambia kila mwaka. Hasikii."

Niliajiriwa kuwa fundi wa simu, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikapelekwa Kitengela. Mji ulikuwa unaota kama uyoga. Pale ambapo nyumbu walipita wakitoka mbugani kulikuwa sasa na mawe ya msingi, na watu wa magharibi, wafanyakazi wa mshahara waliokuwa wakienda Nairobi kila alfajiri, walijaa kwenye nyumba za kupanga. Mvua ikinyesha, udongo mweusi ulikunyang'anya kiatu. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana viunoni, lakini bado kila duka na kila shamba la maua lilitaka waya. Nilipata nyumba yenye uwanja, nikawaleta Baba na Mama, na kwa kuwa mimi ndimi fundi, nikawawekea simu mezani. Mama alikuwa akiifunika kwa kitambaa kama televisheni.

Kazi yetu ya kupima laini ilitufanya tuzungumze na mafundi wa mbali ambao hatukuwahi kuwaona. Mmoja alikuwa wa Butere. Nilikuwa nimezungumza naye mara nyingi kuhusu mitambo kabla sijapata ujasiri wa kumwomba. Nikamtajia ukoo wa Baba, kilima cha kwao, na kinu cha kusaga mahindi ambacho Baba alisema kilikuwa jirani.

"Kinu kilibomoka," akasema, "lakini mahali napajua. Ngoja nitauliza."

Nilimwambia Baba usiku huohuo wakati wa chakula. Kuanzia kesho yake akaanza kujenga nyumba ya kuku, ingawa hatukuwa na kuku, na nilipomwambia aje ofisini kungoja habari pamoja nami, alisema ana kazi. Alipigilia misumari mpaka majirani wakaulizana kuna nini. Mama aliniambia kwamba hali chakula vizuri.

Fundi wa Butere alinipigia siku ya soko, kama saa nne asubuhi.

"Yule mzee alishaenda," akasema. "Zamani sana. Lakini mama yuko."

"Yuko hai?"

"Yuko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kando yangu, amenishika mkono. Alikataa nipige simu bila yeye. Tumetembea mpaka ofisini, mguu kwa mguu."

Nilimwambia asikate kwa hali yoyote. Niliiunganisha laini ya Butere na simu ya nyumbani kwetu, nikabaki nikisikiliza kuhakikisha kama imeshika. Ililia muda mrefu. Nilijua Mama anakiondoa kile kitambaa.

"Haloo?"

"Yeyo, ni Butere," nikasema.

"Wewe ni nani?" sauti ya kikongwe ikauliza, kwa Kiswahili cha kukwaruza.

Mama hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote wa Butere maisha yake yote. "Mimi ni bibi ya kijana yako," akasema. "Ile Mmaasai."

Laini ikanyamaza kiasi cha kunifanya nishike waya kuupima. Kisha kikongwe akasema, "Nilikuwa kwa mlango siku hiyo. Nilikatazwa kuongea."

"Najua, mama. Aliniambia."

"Amekula?"

"Amekula kidogo tu. Sahii anajenga nyumba ya kuku."

"Yuko na kuku ngapi?"

"Hana hata moja."

Nikamsikia kikongwe akicheka, kicheko chembamba kama cha msichana, na Mama naye akacheka, na hapo nikajua kwamba lililobaki ni la Baba tu. Mama akamwita. Nyundo ilinyamaza. Nilisikia simu ikipokezwa, na Baba akasema, "Mama," neno moja, na hakuweza kuongeza. Nikachomoa simu yangu. Yaliyofuata hayakuwa yangu kuyasikia, na mpaka leo sijamuuliza mtu walisema nini. Nilitoka nje nikakaa kwenye kivuli cha gari la kazi, na mlinzi aliponiuliza kama nina malaria, nilimwambia hapana, nimepona.

Kukhu, yaani nyanya yangu kwa lugha ya Baba, alikuja baada ya mavuno, na binamu yangu mmoja wa kumshika mkono, na kuku wawili ndani ya kikapu. Tulimngoja uwanjani kwetu. Mama alikuwa amevaa shanga zake zote kubwa, ambazo alizivaa kwa harusi tu, na nilijua kwamba anaogopa. Kukhu alipoingia, Mama alimwendea na kuinamisha kichwa, kama Wamaasai wanavyomwinamia mkubwa wao ili awawekee mkono wa baraka. Kukhu hakuijua desturi hiyo. Alidhani Mama analia. Akamkumbatia kichwa chote, shanga na yote, akakiegemeza kifuani na kumpigapiga mgongoni, "Nyamaza, mtoto wangu, nyamaza." Basi Mama, ambaye hakuwa akilia, akaanza.

Baba alisimama pembeni na kofia mkononi. Kukhu alimtazama juu mpaka chini.

"Waliniambia simba alikukula huku," akasema. "Miaka yote. Watu walitoka Nairobi wakaniambia, huko kwa Wamaasai simba anakula watu." Akamgusa shavu, akamgusa tumbo. "Hii simba haikuwa na njaa."

Alikaa nasi mpaka karibu na mvua za masika. Alijifunza kusema "iko" anaposalimiwa "takwenya" kwa Kimaa, na akawa anaisema kwa kila mtu, hata kwa mwenye nyumba Mkamba. Yeye na Mama walizungumza Kiswahili ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao, na walielewana kuliko watu waliokisomea. Siku moja alisema anataka kuona hilo ziwa linalotoa magadi, kwa kuwa kwao magadi ya kulainishia mboga huja sokoni na hakuna ajuaye yanatoka wapi. Rafiki yangu mwenye pikapu akatupeleka. Joto la Magadi lilimshangaza. Alisema ni kama kusimama mlangoni pa tanuri la kuchomea matofali. Lakini alishuka, akafika kwenye ukingo mweupe uliopasukapasuka, akainama na kuokota bonge moja, akalilamba.

"Ndiyo hii," akasema. Akalifunga kwenye ncha ya leso.

Kesho yake alipika mboga ya mrenda kwa yale magadi, sufuria kubwa. Mama hakuwa amewahi kuila. Mboga inayovutika ilimtia mashaka. Aliitazama ikining'inia kwenye tonge la ugali, akamtazama mama mkwe wake, akafumba macho na kumeza. Tukangoja. Baba alikuwa amesimamisha mkono wake njiani kuelekea mdomoni.

"Inateleza yenyewe," Mama akasema mwishowe. "Hata meno haina haja."

Akasogeza sahani aongezewe, na Baba akaanza kula.